Usiku wa kuamkia Jumapili: jinsi ya kutazama pambano kubwa la ngumi mubashara ukiwa nyumbani Mbeya

Mpira unakupa dakika 90. Rimoti ikipotelea chini ya kochi, king'amuzi kikichelewa kuwaka, ukija kukaa utakuta bado wanapasiana katikati. Ngumi hazina subira hiyo. Tarehe 27 Juni 1988, kule Atlantic City, Mike Tyson alimmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Aliyeinuka kwenda kumimina chai alirudi akakuta mtu anahesabiwa.

Kwa hiyo kazi ya kutazama ngumi inafanyika kabla ya kengele, tena siku mbili tatu kabla. Mimi naishi Mbeya, upande wa Ilomba, na nimekesha mapambano mengi kiasi cha kuyajua makosa yote, kwa sababu karibu yote nimeyafanya mwenyewe. Haya nayaandika kwa mtu wa hapa, wa Tukuyu, Vwawa, Makambako, Njombe au Iringa, anayetaka kulitazama pambano sebuleni kwake. Kibanda umiza ni kizuri kwa ligi, lakini mapambano mengi ya Marekani yanapigwa wakati mwenye kibanda bado amelala na funguo zake.

Hatua ya kwanza: ijue saa kabla ya kuijua chaneli

Mei 2015 ilikuwa zamu ya Floyd Mayweather na Manny Pacquiao. Mabango yote yaliandika Jumamosi tarehe 2. Nikalipia kifurushi, nikaalika mashemeji wawili, mke wangu akakaanga ndoo ndogo ya viazi, tukawasha runinga Jumamosi saa 3 usiku. Tukaona wachambuzi. Tukaona wachambuzi wengine. Ilipofika saa 8 usiku shemeji mmoja akaniuliza, "Shem, huyu Mfilipino amegoma au?" Tukalala palepale kwenye makochi. Nilipofumbua macho ilikuwa saa 3 asubuhi, watu wanapita barabarani na Biblia, na Mayweather alishashinda kwa pointi zamani. Pambano lilianza yapata saa 1 asubuhi ya Jumapili kwa saa zetu, sisi tukiwa tunakoroma mbele yake.

Hakuna wa kulaumiwa hapo zaidi yangu. Mzungu akishapita saa 6 usiku anahesabu siku mpya, na ukifuata tarehe yake unapotea. Sisi usiku wetu ni mmoja, unaanza jua linapozama, na tuna maneno yake kamili: usiku wa kuamkia Jumapili. Ukisoma kwenye bango la Marekani "Jumamosi usiku", andika kwenye kalenda yako "usiku wa kuamkia Jumapili", halafu piga hesabu kwa saa za Kiswahili.

Mfano. Bango la Las Vegas mara nyingi linaandika saa mbili: ya New York, yenye herufi ET, na ya Las Vegas yenyewe, yenye PT. Limeandika 8 PM ET, 5 PM PT. Saa 8 PM ni saa 2 usiku. Kutoka New York kuja kwetu unaongeza 7, unapata saa 9 usiku. Sasa hakiki kwa ile nyingine: 5 PM ni saa 11 jioni, na kutoka Las Vegas unaongeza 10, unapata 21, unatoa 12, inabaki 9. Saa 9 usiku tena. Majibu mawili yakitofautiana, umekosea mahali, rudia.

Hizo ni namba za majira yao ya joto. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba mpaka Jumapili ya pili ya Machi wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo New York unaongeza 8 na Las Vegas unaongeza 11. London unaongeza 2, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi unaongeza 3. Riyadh, ambako mapambano makubwa yamehamia kwa wingi miaka hii, hakuna hesabu. Saa yao ni saa yetu. Tokyo wao ndio wako mbele, unatoa 6. Ndiyo maana napenda mapambano ya Naoya Inoue akiwa kwao Japani: tunayatazama mchana, tumeshakula ugali, bila kukesha.

Tena saa ya kwenye bango ni saa ya kuanza matangazo. Kwa pambano la Marekani, mabondia wakuu huingia ulingoni karibu saa tatu baadaye. Matangazo yakianza saa 9 usiku, pambano kuu tegemea saa 12 asubuhi; majira ya baridi yao, saa 1. London kwa kawaida pambano kuu ni karibu saa 4 usiku ya kwao, yaani saa 6 au saa 7 usiku hapa. Oleksandr Usyk na Tyson Fury walipokutana Riyadh Mei 2024, saa 6 usiku yetu ilishapita walipoanza. Usiiamini hiyo saa ya makadirio kwa asilimia mia, maana mapambano ya kabla yakiisha mapema kwa KO, yaani mtu kuangushwa asiinuke, mfululizo, ratiba inaweza kusogea. Uwe umekaa saa nzima kabla.

Na si kila pambano ni la Jumamosi. Jake Paul na Mike Tyson walipigana Ijumaa usiku wa tarehe 15 Novemba 2024 huko Texas, na kwetu ilikuwa Jumamosi asubuhi, watu wako njiani kwenda sokoni Mwanjelwa.

Nitoe kidogo kifuani. Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, ardhi ya Afrika, lakini wakapangiwa saa 10 alfajiri ya pale ili Mmarekani atazame jioni baada ya chakula. Saa 10 ya Kinshasa ni saa 12 asubuhi ya kwetu, ile ile tunayoamkia Las Vegas leo. Tanzania Bara wakati huo hatukuwa hata na kituo cha televisheni, vilikuja miaka ya 1990. Wazee wetu waliamkia redio.

Hatua ya pili: jua nani ana haki ya kulirusha

Ligi ya mpira ukishajua chaneli, umejua msimu mzima. Ngumi kila pambano lina mkataba wake. Bondia yuleyule unaweza kumwona mara hii kwenye king'amuzi, mara ijayo kwenye programu ya simu. Pambano la Canelo Alvarez na Terence Crawford la Septemba 2025 lilirushwa na Netflix bila malipo ya ziada kwa aliyekwisha lipia mwezi. Yale mawili ya Usyk na Fury ya 2024 yaliuzwa kupitia DAZN, huduma ya kutazama michezo mtandaoni, kwa kulipia pambano moja. Matchroom ya Eddie Hearn, waandaaji wa ngumi wa Uingereza, wako na DAZN, na PBC, waandaaji wa Marekani, walikwenda Prime Video ya Amazon mwaka 2024. Lakini haki za Afrika zinaweza kuuzwa kando kabisa, na mara nyingi SuperSport ndio wanaozichukua, kwa hiyo tangazo la Marekani lisikufunge macho.

Wiki moja kabla, nenda kwenye ukurasa rasmi wa promota au wa bondia. Kwa mapambano makubwa huweka orodha ya wapi pa kutazama kwa kila eneo la dunia. Tafuta Afrika au Kusini mwa Jangwa la Sahara, achana na mengine. Kisha hakiki kwenye ratiba ya king'amuzi chenyewe. Ikiwa bado hawajaiweka, piga simu huduma kwa wateja, uliza maswali mawili tu: chaneli ipi, na kifurushi changu kinaifikia? Swali la pili ndilo linalowaumiza watu. Vifurushi vidogo huwa havibebi chaneli zote za michezo.

Mapambano ya mabondia wetu wenyewe ni habari nyepesi, mengi yanakuwa Azam.

Hatua ya tatu: ukipitia dishi

Kwa nyumba nyingi za huku hii ndiyo njia salama zaidi, hasa ukikaa mbali na mnara wa simu. Dishi halijali ni watu wangapi wanatazama kwa wakati mmoja.

Lipia Alhamisi. Usingoje Jumamosi usiku, kila mtu naye anapolipia. Ukishalipa, acha king'amuzi kikiwa kimewaka kwenye chaneli mojawapo ya kifurushi hicho, maana ruhusa inashuka kutoka angani na king'amuzi kilichozimwa hakiisikii. Halafu ifungue chaneli yenyewe ya pambano siku hiyohiyo ya Alhamisi. Ikionyesha kriketi, shukuru Mungu. Umeshajua inafunguka.

Wenye DStv wajue namba mbili. E16 ni mambo ya malipo, E48 ni mambo ya mawimbi. Nimeshuhudia mtu akipanda juu ya bati saa 9 usiku kuzungusha dishi wakati tatizo lilikuwa E16. Aliposhuka alikuwa na matatizo mawili.

Sasa dishi lenyewe. Setilaiti ya DStv ipo nyuzi 36 mashariki na Mbeya ipo kama nyuzi 33 na nusu, kwa hiyo iko karibu utosini petu. Dishi lake linalala chali, linatazama mawingu. Azam wako nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo dishi lao linaelekea magharibi na limesimama zaidi. Kwa mtu wa Rungwe hii ina maana yake. Mparachichi uliopanda upande wa magharibi wa nyumba, uliokuwa unafika kiunoni dishi la Azam lilipofungwa, leo umelifunika, na unashangaa kwa nini picha inavunjika upepo ukivuma. La DStv mti haulisumbui sana mpaka uwe juu yake kabisa, ila linakusanya majani na maji.

Panda mchana, si usiku. Shika dishi kwa mikono miwili ulitikise taratibu. Likicheza, kaza nati. Angalia LNB, kile kichwa kilichoshikwa na mkono wa dishi, kama kifuniko hakijapasuka. Kisha pale kebo inapoingia, fungua kiungio utazame waya wa katikati. Unatakiwa kung'aa kama senti mpya. Ukikuta umekuwa wa kijani au una unga mweupe, maji yameingia. Kata sentimita chache, funga upya, zungushia tepu vizuri. Fundi wangu hapa mtaani anasema nusu ya pesa anayopata msimu wa mvua inatoka kwenye hiyo sentimita moja. "Bosi, watu wanadhani setilaiti imeharibika. Setilaiti haiharibiki, waya wako umeoza."

Ukimaliza, ingia kwenye menyu ya mawimbi siku ambayo mbingu ni nyeupe, upige picha kwa simu ile mistari ya nguvu na ubora. Siku nyingine picha ikisumbua utakuwa na cha kulinganishia.

Mvua kubwa haina dawa. Kati ya Novemba na Aprili wingu zito likikaa juu ya Loleza, mawimbi yanakatika mpaka lipite, hata dishi likiwa limefungwa na malaika. Dawa yake ni mlango wa pili. DStv na Azam zote zina programu za simu kwa wateja wao. Ipakue mapema, ingia kwa namba yako, hakikisha inafunguka, iache hapo. Saa 11 alfajiri mvua inanyesha si wakati wa kukumbuka nywila.

Hatua ya nne: ukipitia intaneti

Hapa kuna vitu vitatu: malipo, bando na kasi.

Malipo ya huduma za nje yanataka kadi. Huna haja ya kadi ya benki. Mitandao ya simu inakuruhusu kutengeneza kadi ya mtandaoni ndani ya menyu ya pesa, unaweka fedha humo na kulipia kwa dola. Weka zaidi kidogo ya bei iliyoandikwa, kwa sababu ya makato na ubadilishaji. Na lipia siku mbili kabla, maana kadi mpya wakati mwingine inakataliwa mara ya kwanza.

Bando. Netflix wenyewe wanakadiria kama GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na mpaka GB 3 kwa saa kwa picha kali. Kutoka saa 9 usiku hadi saa 1 asubuhi ni saa nne, yaani GB 12 ukitazama kwa picha kali mwanzo mwisho. Mimi nafanya hivi: mapambano ya utangulizi nayatazama kwa picha ya chini, na raundi ya kwanza ya pambano kuu ikikaribia ndipo naipandisha. Kuna mtego kwenye bando la usiku. Ni rahisi, linavutia, lakini soma saa yake ya mwisho. Likiisha saa 12 asubuhi, litakata mabondia wakiwa wanavuliwa majoho.

Kasi. Netflix wanapendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya kati na 5 kwa picha kali. Pima Jumamosi iliyotangulia, saa ileile ya pambano, kwenye kiti kilekile utakachokaa. Nyumba zetu za tofali za kuchoma zina kuta nene. Chumbani unapata megabiti 2, kwenye dirisha la jikoni 9. Weka simu inayogawa intaneti hapo dirishani, juu ya chaja, halafu runinga au laptopu iipate kwa WiFi. Kama simu yako inakubali kebo ya HDMI, itumie, ni tulivu kuliko kurusha skrini hewani.

Simu inayogawa intaneti isipokee simu nyingine. Ukipigiwa, data inaweza kusimama. Nilikuwa raundi ya tisa, Jumapili alfajiri, picha ikaganda, simu ikaanza kuimba. Mwenyekiti wa kwaya. "Bwana asifiwe mwalimu, mazoezi leo ni saa moja kamili, usichelewe." Alipokata, mtu alikuwa chini na mimi sijui alifikaje pale. Tangu siku hiyo natumia laini ya pili ambayo hakuna anayeijua.

Usitegemee viungo vya bure vinavyotumwa kwenye magrupu. Siwahubirii. Shida yake ni kwamba vinakufa katikati, vinakufungulia matangazo ya kubeti juu ya uso wa bondia, na vingine vinaomba upakue kitu ambacho kesho kitakuwa kinasoma meseji zako za pesa. VPN, programu ya kuficha uko nchi gani, nayo ni habari ndefu: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, iliwataka wanaozitumia watoe taarifa, na huduma nyingi za kulipia zinazifungia nje. Ukikuta pambano halipo kabisa kwa Tanzania, heshimu usingizi wako.

Kumbuka pia kwamba intaneti iko nyuma ya dishi, pengine nusu dakika au zaidi. Jirani mwenye dishi atapiga kelele wewe bado unaona mabondia wamekaa kwenye viti. Zima WhatsApp, na kama jirani ni wa kupiga kelele, mkaribishe kwako au uende kwake.

Hatua ya tano: umeme

Angalia LUKU Jumamosi jioni, kwa macho, kwenye mita. Uniti mbili zinatosha usiku mzima, ila hakikisha zipo.

Kwa umeme kukatika, hesabu ni rahisi. Runinga bapa ya inchi 32 inakula kama wati 45, king'amuzi 15, jumla 60. Betri ya volti 12 yenye Ah 50 (namba imeandikwa ubavuni) ina wati-saa 600, yaani 12 mara 50. Usiitumie zaidi ya nusu kama ni ya gari, kwa hiyo una 300, ambazo kwa wati 60 ni saa tano. Ukipitia inveta, toa saa moja kwa ajili ya upotevu. Ving'amuzi vingi vidogo vinatumia volti 12 moja kwa moja, soma kwenye adapta yake, na runinga nyingi za sola vilevile. Hapo hata inveta huihitaji. Ijaribu nzima Ijumaa. King'amuzi kikizimwa kinachukua muda kuwaka upya, na ule muda ni raundi moja yenye afya.

Hatua ya sita: baridi, usingizi na watu wa nyumbani

Saa 10 alfajiri mwezi Julai hapa Mbeya si saa ya mchezo, na Njombe ndiyo usiseme. Watu wanaingiza jiko la mkaa sebuleni, wanafunga madirisha, wanakaa kutazama. Usifanye hivyo. Moshi ukishaisha na mkaa ukawa mwekundu mzuri ndipo hatari inapokuwa kubwa, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi. Unahisi kichwa kizito, unadhani ni usingizi wa kukesha, unalala, huamki. Tumia blanketi, soksi mbili, chupa ya maji ya moto tumboni. Jiko libaki nje, chai ndiyo iingie.

Kuhusu usingizi, nimejaribu kukesha moja kwa moja na nimejaribu kulala kwanza. Kulala kwanza kunashinda. Kula mapema, ingia kitandani saa 2 usiku, weka kengele mbili, moja kwenye simu iliyo mbali na mkono. Kahawa ya Mbozi ukiinywa saa 9 itakubeba mpaka asubuhi. Ulanzi ukiuanza saa 4 usiku, hata ule mtamu, utaamka umeshakuta marudio.

Mke au mume aambiwe Alhamisi, si saa 9 usiku kwa kuwashiwa taa. Kama mnapanga nyumba moja na wengine, mjulishe mama mwenye nyumba pia: "Mama, shikamoo, kesho alfajiri tutakuwa na ngumi, tutajitahidi kelele zisizidi." Atacheka, lakini akisikia mtu anapiga ukelele alfajiri hatadhani ni wezi.

Hatua ya saba: pambano lenyewe

Usiwashe kwa ajili ya pambano kuu tu. Septemba 2018, huko Birmingham, jioni ilikuwa ya Amir Khan. Katika mapambano ya utangulizi akapanda kijana wa Kitanzania aliyeitwa kwa muda mfupi, Hassan Mwakinyo, dhidi ya Sam Eggington wa palepale. Raundi ya pili mwamuzi akasimamisha, Mwakinyo mshindi. Waliongojea kuwasha kwa Khan walilikosa hilo. Mtaani kwetu waligombea mpaka jioni kwamba jina la Mwa- lazima liwe la Tukuyu, na kumbe ni kijana wa Tanga.

Raundi ni 12 za dakika 3, na dakika moja ya kupumzika katikati. Zikiisha zote ni dakika 47. Gawa karatasi na kalamu kwa kila aliyepo. Kila raundi mshindi mpe 10, aliyeshindwa 9; akiangushwa, kwa kawaida 8. Mtu asimwonyeshe mwenzake. Mwishoni linganisheni na majaji watatu. Usyk na Fury ile ya Mei 2024, majaji wawili walimpa Usyk, 115 kwa 112 na 114 kwa 113, wa tatu akampa Fury 114 kwa 113. Watu waliolipwa kukaa kando ya ulingo hawakukubaliana. Shemeji zangu wakibishana hadi chai ipoe, siwashangai.

Dakika ile moja ya mapumziko isikudanganye kwenda chooni raundi za mwisho. Nenda wakati wa nyimbo za taifa, ni ndefu na hakuna anayepigwa.

Mshindi akishatangazwa, kabla hujaingia kulala, shika simu ufungue ile huduma ya nje uliyolipia kwa kadi, uingie kwenye akaunti, usitishe malipo ya kujirudia ya mwezi ujao. Fanya wakati huohuo, macho yakiwa mekundu. Ukisema utafanya jioni, utakumbuka siku utakapoenda kununua mbolea ukakuta kadi imeshakatwa.